Namna ya kuandika wasifu wa mama mkulima aliyeishi miaka mingi

Kwenye misiba mingi ya vijijini wasifu wa mama mzee huisha kwa dakika nne. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto tisa, alikuwa mkulima na mama wa nyumbani, akaanza kusumbuliwa na presha, akalazwa, akafariki. Sehemu kubwa ya karatasi ni ugonjwa na orodha ya watoto. Miaka sitini ya jembe, maji, majani ya ng'ombe, vikao vya kamati na uji aliowapelekea waliojifungua imefungwa ndani ya neno moja: mkulima. Waombolezaji wanaomjua wanakaa wakingoja kusikia habari zake, na hazisomwi.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa kalamu, awe mtoto, mjukuu, mkwe au katibu wa kamati ya mazishi. Mifano mingi ni ya Tanzania, hasa vijiji vya kahawa na migomba, lakini njia ni ile ile popote pale. Kama mama ameshafariki, kazi hii inawezekana kwa siku mbili. Kama yu hai, ianze leo, kidogo kidogo, kwa sababu mambo mengi ya maana yanajulikana na yeye peke yake.

Kwa familia za Kiislamu maziko hayangoji maandishi. Wasifu huandikwa baadaye, kwa ajili ya hitma au kumbukumbu ya ukoo, na huo muda ni faida: hakuna haja ya kukimbizana na ratiba ya mtu.

Mkiwa naye bado

Usimwambie, "Bibi, tusimulie maisha yako." Atajibu kwa sentensi tatu na zote mnazijua. Uliza kitu kinachoshikika mkononi. Jembe lako la kwanza ulipewa na nani? Ulipofika hapa bibi harusi, maji mlichota wapi? Ng'ombe wa kwanza aliitwaje, na alinunuliwa kwa fedha ya nini? Nani alikufundisha kumkata mtoto kitovu? Swali la namna hii humrudisha mahali, na akishafika mahali hapo watu na miaka hujileta wenyewe.

Mkute akiwa na kazi nyepesi, anapukuchua maharage au anachambua mchele. Mikono ikiwa na shughuli, maneno hutoka bila kupimwa. Kama unarekodi kwa simu, iweke kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati, iweke juu ya khanga iliyokunjwa kwenye kigoda umbali wa hatua moja kutoka kwake, na zima redio. Ukiiweka moja kwa moja juu ya meza, kila kikombe kitakachowekwa hapo kitasikika kama mlango unabamizwa. Dakika 40 kwa siku zinatosha, zaidi ya hapo anachoka na majibu yanakuwa mafupi. Faili lipe jina siku hiyo hiyo, tarehe na mada, kwa mfano "shamba la tambarare". Rekodi ishirini zisizo na majina hakuna atakayezifungua.

Akiongea lugha ya nyumbani, mwache. Andika maneno ya kazi kama anavyoyataja: jina la aina ya ndizi, la mfereji, la kapu. Ukiyageuza yote kuwa Kiswahili cha ofisini utapoteza nusu ya habari.

Na jambo moja linaloharibu mazungumzo mara nyingi: kumhoji mbele ya baba au mbele ya wanawe wakubwa. Hapo mama husema "tulilima", "tulijenga", "baba yenu aliuza", hata pale ambapo yeye ndiye aliyelima, akajenga na kuuza. Haimaanishi anadanganya, ni adabu aliyokulia. Mrudie akiwa na mabinti zake au wifi yake, uulize swali lile lile.

Kuutafuta mwaka wa kuzaliwa

Hapa ndipo wasifu nyingi hukosea. Wazee wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru hawakuandikishwa, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho ilikadiriwa mezani. Ukiona 1 Januari au 1 Julai, jua kwamba huenda aliyeandika alikuwa anakisia. Usiichukue kama ilivyo, wala usiitupe. Ihakiki kwa njia tatu zisizotegemeana, halafu tazama zinakutana wapi.

Njia ya kwanza ni mtoto wa kwanza. Tafuta cheti chake cha ubatizo au kadi ya kliniki, halafu urudi nyuma. Njia ya pili ni ndugu anayemfuata mama au aliyemtangulia. Kitabu cha ubatizo cha parokia kina tarehe, majina ya wazazi na msimamizi, na mtoto aliyebatizwa mchanga ana mwaka wa kuaminika. Mtu aliyebatizwa mkubwa kitabu humpa umri wa kukadiria tu, kwa hiyo soma safu ya umri kabla hujafurahi. Njia ya tatu ni tukio, na swali sahihi si "ulikuwa na miaka mingapi", kwa sababu hakuna aliyekuwa anahesabu. Uliza alikuwa anaweza kufanya nini.

"Bibi, baba mdogo aliporudi vitani, wewe ulikuwa unabeba nini kichwani?"

"Kibuyu kidogo cha maji, mjukuu wangu. Mtungi nilikuwa bado."

Jibu hilo lina uzito wa cheti. Anayebeba kibuyu kidogo bila kumwaga yuko kati ya miaka sita na minane. Askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, waliopigana Burma walirudi nyumbani kati ya 1945 na 1946. Basi kuzaliwa kwake ni kati ya 1937 na 1940. Tuseme cheti cha mwanawe wa kwanza kinaonyesha 1957, na mama anasema alikaa mwaka na nusu kabla ya kushika mimba iliyozaa huyo, na aliolewa miaka miwili baada ya kuvunja ungo. Ukirudi nyuma, ndoa iko mwaka 1954 au 1955, ungo mwaka 1952 au 1953, na ukimpa miaka 15 hapo unafika 1937 au 1938. Mdogo wake anayemfuata moja kwa moja alibatizwa mchanga mwaka 1941, na wakati ule akina mama walipishanisha watoto kwa miaka miwili hadi mitatu. Hiyo inatoa 1938 au 1939. Njia zote tatu zinakutana 1938. Andika "alizaliwa mwaka 1938 hivi", na usiongeze siku wala mwezi usioujua.

Uwe mwangalifu na tukio lililodumu muda mrefu. Nzige wekundu walisumbua Tanganyika tangu mwaka 1930 hadi 1944, kwa hiyo "nilizaliwa mwaka wa nzige" peke yake haifungi hesabu. Tukio zuri ni la siku moja au msimu mmoja. Uhuru, 9 Desemba 1961. Azimio la Arusha, 5 Februari 1967. Kuhamia vijiji vya ujamaa, ambako kulipamba moto 1974. Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, 12 Aprili 1984. Mvua za El Nino, 1997 kuingia 1998. Kifo cha Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba 1999. Kwa Kenya tumia kutangazwa kwa hali ya hatari Oktoba 1952, Uhuru wa 12 Desemba 1963, kifo cha Mzee Kenyatta 22 Agosti 1978, na jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982. Mama aliyekumbuka mambo kwa Ramadhani naye ana kalenda yake: mwezi huo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka na hukuta majira yale yale baada ya takriban miaka 33. "Tulifunga masika, mara ya kwanza nikiwa mke wa mtu" ni sentensi inayoweza kukupa miaka michache ya kuchagua.

Kuna kosa lingine, la kumwongezea umri ili isikike ameshiba siku. Mwaka mmoja wa uongo huvuruga mingine yote, na mwisho mtoto wa kwanza anaonekana alizaliwa mama akiwa na miaka 31.

Majina, watoto, na wale wasiotajwa

Mama wa kijijini ana majina manne au matano: la kuzaliwa, la ubatizo au la Kiislamu, la baba yake, la mume, na lile ambalo watu wote humwitia, Mama Fulani, kwa mtoto wake wa kwanza au hata mjukuu. Yaandike yote mwanzoni mwa wasifu na kwenye tangazo la redio. Tangazo likitaja jina la ubatizo peke yake, nusu ya wanawake aliopanga nao foleni ya maji hawatajua nani amefariki, na watafika maziko yakiwa yamekwisha.

Kwenye watoto tenganisha maneno mawili: aliowazaa na aliowalea. Waliotangulia mbele ya haki watajwe kwa majina, hata aliyefariki na miezi mitatu, maana mama hakumsahau siku hata moja. Waliolelewa, mtoto wa marehemu dada yake, wa wifi, wa jirani, nao watajwe kwa majina. Kama kulikuwa na uke wenza au ndoa ya awali, sema kwa sentensi moja tulivu, usizungushe.

Usiku wa kuamkia maziko soma orodha kwa sauti mbele ya wazee wawili wa ukoo wa mume na mmoja wa ukoo wa kwao mama. Wa kwao mama ni lazima, kwa sababu huyo ndiye atakayesikia jina lililorukwa. Wasifu si hati ya mirathi, lakini mtoto aliyeachwa nje mbele ya watu mia tatu huja na hasira yake hadi kwenye kikao cha ukoo cha kumteua msimamizi wa mirathi.

Kuipima kazi

Neno "mkulima" lifungue kwa vipimo. Anza na ardhi. Shamba la nyumbani lilikuwa na ukubwa gani, na la mbali je? Kama hakuna hati, lipime kwa miguu: ekari ni hatua 70 kwa 70. Kisha uliza alilima nini kila msimu, masika na vuli, na nani alishika jembe.

Hesabu ndogo husaidia kuliko sifa kubwa. Ekari moja ya mahindi kwa nafasi ya sentimita 90 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, ina mashimo takriban 9,000. Kila shimo ni kuinama mara moja, bila kuhesabu palizi mbili zinazofuata. Mama aliyelima ekari mbili kwa miaka arobaini alifanya kazi ambayo huwezi kuipita kwa neno moja. Maji nayo ni hivyo hivyo. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kisima kikiwa kilomita moja, kwenda na kurudi ni mbili, na safari mbili kwa siku ni kilomita nne, nusu yake akiwa na mzigo kichwani. Kwa mwaka ni kilomita 1,460. Uliza bomba lilifika lini, upate alibeba hadi mwaka gani. Usisome hesabu zote hizi msibani, zitachosha watu. Chagua moja iliyo kweli, iwekwe mahali pake. Na ukijua mabinti walianza kumsaidia walipofika miaka kumi, punguza, wenyewe wako pale wanasikiliza.

Kwenye kahawa kuna mtego wa pekee. Kadi ya chama cha msingi cha ushirika iliandikwa jina la baba, malipo yakatoka kwa jina la baba, na ndiyo maana wajukuu wanaamini kahawa ilikuwa ya babu. Chukua stakabadhi zake za zamani, zisome upya ukijua kazi ilivyokwenda. Buni mbivu huchumwa kwa kuchaguliwa, nyekundu tu, kwa kurudia mti mara kadhaa kwa msimu. Humenywa siku ile ile, huvundikwa usiku mmoja au mbili utelezi utoke, huoshwa kwa maji mengi, huanikwa kwenye vichanja na kugeuzwa kutwa nzima kwa siku kumi au zaidi. Kilo tano hivi za buni mbivu hutoa kilo moja ya kahawa ya maganda. Stakabadhi ya kilo 200 ina maana ya kilo 1,000 zilizochumwa tunda moja moja. Uliza mikono ilikuwa ya nani. Kama baba alikuwa Tanga kwenye mkonge au Dar es Salaam akirudi Krismasi, jibu unalo.

Mambo yaliyovunjika yaandikwe pia, pamoja na sababu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na vilirudishwa kwa sheria ya 1982. Julai 1989 mfumo wa mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka duniani kote. Mama aliyeng'oa mibuni miaka michache baadaye akapanda nyanya na kabichi alikuwa anafuata hesabu ya ada za shule. Aliyefanya hivyo wakati jirani wote wanamshangaa alistahili kusifiwa akiwa hai, na angalau wasifu umpe haki yake.

Usisahau vitu. Jembe lililolika hadi likabaki upana wa kiganja, mpini wake umeng'aa mahali pawili ambapo mikono ilishika, linaeleza zaidi ya aya nzima. Lipige picha, uandike alilinunua lini na lilikuwa la ngapi.

Kazi aliyowafanyia wengine

Utumishi wa mama kijijini mara nyingi hauna cheti, kwa hiyo hauonekani mpaka uuendee kwa watu. Nenda kwa watu wanne na uwaulize kila mmoja swali lake. Mwalimu mkuu au mwenyekiti wa kamati ya shule: alikaa kwenye kamati miaka gani, na darasa gani lilijengwa wakati huo? Vijiji vingi viliongeza madarasa kuanzia 1977, pale elimu ya msingi ilipokuwa ya watoto wote, na maji, mchanga na mawe vilibebwa na wanawake kwa zamu. Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa: alishika nafasi gani? Kama kikoba chao kina sanduku lenye kufuli tatu na yeye alikuwa mmoja wa watu watatu waliotunza funguo, liandikwe. Funguo hazipewi mtu wa kubahatisha. Kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wa Wawata (umoja wa wanawake Wakatoliki), wa umoja wa wanawake wa usharika au mwalimu wa madrasa: alihudumu wapi, kuanzia lini? Na wa nne ni mwanamke wa rika lake, mmoja tu, anayetembelewa nyumbani kwake, mwenye kujua nani aliitwa usiku mtu akishikwa na uchungu.

Kwa waliozaliwa miaka ya 1930 na 1940 uliza pia kuhusu Umoja wa Wanawake wa Tanzania. UWT ilianza 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa kiongozi wake wa kwanza, na kadi za zamani bado zimo ndani ya masanduku. Uliza kisomo cha elimu ya watu wazima, kilichopigiwa debe kuanzia 1970. Wengi walijifunza kuandika majina yao jioni, chini ya mti, wakitoka shambani. Kwa Kenya kuna Maendeleo ya Wanawake tangu 1952, na vikundi vya kupanda miti vya Green Belt Movement, iliyoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977.

Kazi ya pamoja ina majina yake kila mahali, msaragambo huko Upare na Kilimanjaro, mwethya kwa Wakamba, ngwatio kwa Wagikuyu, harambee kwa Wakenya wote. Tumia jina la hapo. "Alishiriki shughuli za maendeleo" haisemi kitu. "Alikuwa anapiga mbiu ya msaragambo wa mfereji kila Januari" inasema.

Kama alikuwa mkunga wa jadi, usikisie idadi ya watoto. Ukipewa namba tatu tofauti, andika miaka aliyofanya kazi hiyo na majina ya vitongoji alivyofikia. Na majina ya waliojifungua mikononi mwake hayatajwi bila ruhusa yao.

Kuandika

Mtu akisoma taratibu kwenye kipaza sauti anamaliza maneno kama 100 kwa dakika. Ukipewa dakika nane andika maneno 750, ubaki na nafasi ya kupumua. Gawanya hivi: kuzaliwa na wazazi maneno 80, ndoa na watoto 150, kazi 250, utumishi 200, na kilichobaki kiwe cha uzee na ugonjwa. Ugonjwa usizidi sentensi nne. Majina ya dawa, vipimo, na kulaumu hospitali havina nafasi hapo, na siri ya mgonjwa haiishi kwa kifo.

Kila sifa ibadilishe iwe tendo. Tazama aya hizi mbili, zote za kubuni kwa ajili ya mfano. Ya kwanza ndiyo inayosomwa kila wiki:

"Marehemu alikuwa mkulima hodari, mkarimu, mcha Mungu, mpenda watu na mshiriki wa shughuli mbalimbali za maendeleo."

Ya pili ni ya mama huyo huyo, baada ya siku moja ya kuuliza:

"Marehemu alifika kwa mumewe mwaka 1955 akakuta mibuni michanga 40. Mwaka 1975 ilikuwa 400, kwenye ekari moja pamoja na migomba. Mumewe alifanya kazi Tanga hadi 1978 na alikuwa nyumbani mwezi mmoja kwa mwaka, hivyo kupogoa, kunyunyiza dawa na kuchuma vilikuwa mikononi mwake. Kijiji kilipojenga madarasa mawili yeye ndiye aliyepanga zamu za wanawake za kubeba maji ya kufyatulia matofali. Daftari la majina hayo limo kwenye sanduku lake hadi leo, kwa mwandiko aliojifunza kwenye kisomo akiwa na miaka 34."

Aya ya pili haina neno hodari wala mkarimu, na hakuna atakayeyakosa. Pia haimpunguzi mume. Kama baba bado yu hai, msomee sehemu hiyo kabla, faraghani. Wazee wengi wakisomewa hivyo huongeza jambo ambalo mama mwenyewe hakuwahi kulisema.

Andika kwa mpangilio wa miaka. Kuruka mbele na nyuma kunafaa kitabuni, lakini msikilizaji aliyesimama juani hawezi kurudi ukurasa uliopita. Sentensi ziwe fupi, ukitumia "mama" au "marehemu" kwa mpangilio mmoja. Maneno ya lugha ya nyumbani yaache, na uongeze tafsiri fupi kwa ajili ya wageni kutoka mbali.

Siku ya kusoma

Chapa kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi moja na nusu kati ya mistari, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba juu. Zibane kwa klipu kwenye ubao au jalada gumu, maana makaburini kuna upepo. Miaka soma kama watu wanavyoitaja, "hamsini na tano", na uiandike hivyo kwa penseli juu ya tarakimu kama msomaji si mzoefu.

Msomaji asiwe kitinda mimba wala binti aliyemuuguza. Sauti hukatika hasa kwenye majina ya waliotangulia. Chagua mjukuu au mkwe mwenye sauti, asome mara mbili kwa sauti usiku uliopita, na mtu wa pili asimame karibu na nakala yake akijua ataendelea kuanzia wapi. Weka alama ya mstari baada ya kila sehemu, ili mshereheshaji akisema muda umekwisha mjue pa kuruka. Sehemu ya kurukwa iwe ya ugonjwa. Sehemu ya kazi isirukwe.

Nakala moja ipelekwe parokiani, msikitini au shuleni alikotumikia, nyingine ikae na mtoto anayebaki kwenye boma. Picha za zamani andikeni majina nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya na kutokeza uso wa picha baada ya miaka. Daftari la kikundi, kadi ya UWT, stakabadhi za kahawa na chochote mlichoazima kwa majirani kiandikwe kwenye karatasi moja, jina la kitu na jina la mwenyewe, na kirudishwe kwa mkono kabla wageni wa mbali hawajatawanyika.